Nani Anywe Uji wa Tulinagwe?

Sogeeni karibu. Mwenye karanga azitafune polepole, mwenye mtoto amlaze, na mwenye usingizi aende kabisa akalale kwake, maana hadithi hii ina swali mwishoni na mimi si mtu wa kurudia. Nimeisimulia mahali pengi, na kila mahali watu wameondoka wakibishana. Mahali pamoja mume na mke walikaa hawasemeshani mpaka jirani akaenda kuwaamua. Kwa hiyo msije mkasema sikuwaonya.

Palikuwa na kijiji cha wafinyanzi kati ya milima na ziwa, pale barabara inapokwisha na watu wanaendelea kwa miguu. Wanawake walifinyanga. Wanaume walikata nyasi za kuchomea na kubeba vyungu kwenda kuviuza. Na katika kijiji hicho walikuwepo watu watatu waliosifika kuliko wengine.

Wa kwanza ni Ambwene, na kipaji chake kilikuwa miguu. Alipanda mlima na mzigo wa vyungu mgongoni bila kumegua ukingo hata mmoja. Wenzake wakifika sokoni wanatafuta pa kupumzikia, yeye ameshauza na yuko njiani anarudi, anapiga mluzi.

Wa pili ni Sekela, na kipaji chake kilikuwa ulimi. Walisema Sekela akija kukuomba chumvi, utampa na kinu. Angeweza kuwagombanisha mapacha, na angeweza kuwapatanisha kabla chakula hakijaiva.

Wa tatu ni Bibi Gwantwa, na kipaji chake kilikuwa mikono. Wasichana wote wa kijiji walijifunza udongo kwake. Aligonga chungu kwa kidole, akasikiliza, akakwambia kama kitafika sokoni au kitakufia njiani. Yeye pia ndiye aliyekuwa mwenye moto, yaani siku ya kuchoma vyungu neno lake ndilo neno.

Watu hao watatu walimpenda msichana mmoja. Nawaambia mapema kwamba walimpenda, kwa sababu mbele kidogo mtakataa kuniamini. Aliitwa Tulinagwe. Alikuwa mdogo wake Ambwene, shoga wa Sekela tangu wakiwa watoto, na mwanafunzi aliyempendeza Bibi Gwantwa kuliko wote. Jina lake kwa lugha ya kwao maana yake ni "tuko naye." Likumbukeni hilo.

Tulinagwe alikuwa na kifafa.

Mbona mmenyamaza? Ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine. Lakini nyumbani kwao hawakuutaja kwa jina. Mama yake alimpa vidonge vilivyotoka hospitali ng'ambo ya mlima, binti akawa anameza kila siku, na kwa vidonge hivyo alikuwa haanguki ila mara moja moja, ndani, mlango ukiwa umefungwa. Nje walisema ana kizunguzungu. Majirani walihisi, maana majirani wanahisi kila kitu, na walinong'ona kwamba mate ya mtu wa namna hiyo yanaambukiza, ukimgusa akiwa chini na wewe utaanguka mpaka kufa kwako.

Sasa wafinyanzi wale walikuwa na mwiko. Siku ya kuchoma, vyungu vya kijiji kizima hupangwa pamoja, hufunikwa matete na nyasi kavu, na wanawake hukaa chini kuvizunguka. Moto ukishapanda, mtu haruhusiwi kuingia ndani ya duara mpaka mwenye moto aseme. Akiingia, vyungu vyote vitapasuka, na kazi ya msimu mzima imekwenda.

Asubuhi ya siku moja ya kuchoma, Tulinagwe alimfuata kaka yake akiwa anafunga matete.

"Kaka, leo sijisikii vizuri. Naisikia ile harufu." Kabla ya kuanguka alikuwa akisikia harufu ya mvua kwenye udongo mkavu, hata kama mbinguni hakuna wingu.

Ambwene alitazama huku na huku asije mtu akasikia. "Usipokwenda watauliza," akasema. "Wakiuliza watajua. Nenda tu, ukae nyuma."

Akaenda. Lakini duara halina nyuma. Aliketi palipokuwa na nafasi, karibu na Sekela.

Moto ulipopanda, Tulinagwe alilegea. Akamwegemea Sekela begani. Sekela akageuka, akaona macho ya mwenzake yamepinduka na povu linatoka mdomoni, na akasogeza bega. Ni hilo tu alilofanya. Hakumsukuma. Alisogeza bega, na Tulinagwe akakosa pa kuegemea, akaanguka mbele, na mkono wake wa kushoto ukaingia motoni.

Wanawake wakainuka wakipiga kelele. Na Bibi Gwantwa, kwa mazoea ya maisha yake yote, akapaza sauti: "Mtu asivuke!"

Na kweli mtu hakuvuka. Walisimama pale, vidole mdomoni, na mtoto wa watu anaungua mbele yao. Ambwene naye alikuwepo, mzigo wa nyasi begani, na yeye alisimama kama wengine. Yeye mwenye miguu.

Aliyevuka alikuwa mgeni. Alikuja kununua vyungu, hakujua mwiko, wala hakuonekana kujua kuogopa. Alimshika Tulinagwe kwapani akamtoa, akauzima moto mkononi kwa viganja vyake mwenyewe, akamlaza ubavu, akakunja shati lake akamwekea chini ya kichwa, akapiga magoti kando yake mpaka mwili ulipotulia. Kisha akainuka, akawatazama wote mmoja mmoja, akachukua shati lake, akaondoka bila kununua kitu. Hakuna aliyemuuliza jina.

Mnataka kujua vyungu vilikuwaje? Havikupasuka hata kimoja. Vilitoka vyekundu, vinalia vizuri ukivigonga, na vikauzwa vyote. Nadhani vingepasuka ingekuwa nafuu kwao, maana wangepata cha kusingizia.

Mambo hayakuishia hapo. Bibi Gwantwa alikwenda kumwangalia mgonjwa, na kwa nia njema kabisa akamwambia mama yake Tulinagwe kile alichoambiwa yeye na bibi yake: kwamba mtu wa kifafa akiungua moto akiwa ameanguka, ugonjwa wake umefungwa, hauponi tena. "Hivyo vidonge mnampa vya nini?" akauliza. "Mnamchosha bure." Mama, ambaye hakuwa na mtu mwingine wa kumuuliza, akavitupa mtoni.

Basi ugonjwa ukaja kwa nguvu. Tulinagwe akawa anaanguka uani, anaanguka kisimani, anaanguka katikati ya sentensi. Kidonda cha mkono kilipopona, vidole vilikuwa vimejikunja kwenye kiganja, havifunguki. Wakamtengea mkeka wake. Wakamtengea na kibakuli chake, kimoja kilichomeguka ukingo, na mwingine yeyote asikiguse. Wakamkalisha nyuma ya jiko ale humo peke yake. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, lakini walimsema mfinyanzi anayejinyima mwenyewe. Huyu alinyimwa.

Hapo ndipo hatia ilipoanza kazi yake kwa wale watatu. Ambwene kila akiona matete aliona asubuhi ile. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye alikuwa ameficha maradhi ya mwenzake. Sekela alianza kuona bega lake zito, akawa analifunika kwa khanga hata wakati wa jua. Bibi Gwantwa aligonga vyungu vyake na kusikia vyote vinalia sawa, akaacha kugonga. Hawakuambiana. Watatu wanaishi kijiji kimoja, wanakutana kila siku, na kila mmoja anadhani mkosaji ni yeye peke yake.

Ambwene akatumia miguu. Alivuka mlima mpaka hospitali kuuliza mwenyewe. Muuguzi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nani aliwaambia mwache dawa?"

Ambwene akatazama vidole vya miguu yake.

"Nisikilize, kaka," muuguzi akasema. "Kifafa hakiambukizi. Si kwa mate, si kwa kumgusa, si kwa kula chungu kimoja. Na moto haufungi ugonjwa, moto unaunguza tu. Arudi kwenye dawa, na asikose hata siku moja. Mkimkatisha ghafla ndiyo mnamwua."

Alirudi na vidonge, na tangu hapo kila vilipokaribia kwisha aliupanda mlima tena. Alipanda kwenye ukungu ambao mbuzi walikataa kutoka zizini. Mwaka ambao mto ulichukua daraja, alivuka maji yakiwa kifuani, ameuma kikopo cha dawa kwa meno ili kisilowe. Mara kadhaa alimchukua Tulinagwe mwenyewe wakaenda wote, ili daktari amwone na apime kama dawa inatosha. Polepole ugonjwa ukarudi nyuma. Ikapita masika nzima Tulinagwe hajaanguka.

Lakini alibaki nyuma ya jiko. Kibakuli chake kilikuwa kilekile, na watoto walipopita walikimbia. Dawa hainyamazishi midomo ya watu.

Sekela akatumia ulimi. Siku moja wanawake wote walikuwa shimoni wanakochimba udongo, wamekaa kula. Sekela alimshika Tulinagwe mkono akamleta pale, akamketisha katikati yao, akachukua kile kibakuli chenye ukingo uliomeguka, akanywa uji, akajifuta mdomo, akamrudishia.

"Mwe! Sekela, umekwisha!" mmoja akapiga kelele. "Utaanguka!"

"Nikianguka mtanigeuza ubavu," akajibu. "Au hamjui kumgeuza mtu ubavu? Vyungu mnageuza kutwa nzima."

"Yale mate..."

"Hebu niambie, dada. Juzi kwenye sherehe ya kwenu pombe ya ulezi mlinyonya kwa mrija mmoja, wewe, na mume wako, na yule mzee asiye na meno, na nani sijui kutoka ng'ambo. Mate ya kijiji kizima umeyameza unacheka. Leo ya Tulinagwe ndiyo yanakutisha?"

Wakacheka, na Sekela alijua kwamba mtu akishacheka ameshafungua mlango. Akawafundisha palepale, yeye mwenyewe akijilaza kwenye udongo kama aliyeanguka: ondoa moto, ondoa jembe, weka kitu laini chini ya kichwa, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, usimkandamize, kaa naye mpaka arudi, na asiporudi upesi, mkimbizeni zahanati. Aliwafundisha wanawake, wakawafundisha waume zao. Na kijana mmoja, Ipyana, alipoanza kupitapita karibu na kwao Tulinagwe bila sababu, ni Sekela aliyemwita pembeni akamweleza ugonjwa wote, bila kuficha kitu, akamwambia, "Kama utakimbia, kimbia leo." Ipyana hakukimbia.

Lakini Tulinagwe hakuwa na kazi. Mfinyanzi asiye na mikono miwili, katika kijiji cha wafinyanzi, ni mtu wa kuhurumiwa, na huruma haishibishi. Alikaa na wenzake, akacheka nao, kisha wao wakaenda kwenye udongo na yeye akabaki anawatazama.

Bibi Gwantwa akatumia mikono. Alichana kipande cha khanga akaufunga mkono wake wa kushoto, ngumi, ukazibwa kabisa, akakaa kwenye udongo kama mwanafunzi. Alisema hawezi kumfundisha mtu jambo asilolijua. Mvua zote za mwaka ule mfinyanzi mkuu wa kijiji alitengeneza vyungu vya aibu, vinavyoinama kama walevi, na watu walikuja kuchungulia na kuondoka wakijizuia kucheka. Mwisho akapata njia: kufunika chungu kikuukuu chini juu, kuutandaza udongo mgongoni mwake, kuupigapiga kwa mkono mmoja na kuuzungusha kwa kiwiko. Ndipo alipomwita Tulinagwe. "Njoo, mjukuu wangu. Sasa naweza."

Kisha akamjengea jiko lisilommeza mtu, la udongo, lenye kuta zinazofika kiunoni, vyungu vimezama kwenye matundu yake, ili Tulinagwe akianguka aangukie ukuta. Na siku ya kuchoma iliyofuata akasimama mbele ya wote akaubadilisha mwiko. Alisema mtu akianguka, aliye karibu avuke, na vyungu vikipasuka vipasuke.

Basi Tulinagwe akafinyanga. Vyungu vyake viliinama kidogo upande mmoja, na wanunuzi wakaanza kuviulizia hivyohivyo vilivyoinama. Akaolewa na Ipyana. Akazaa mtoto wa kike. Wauguzi walimfuatilia tangu mimba ilipoanza, na dawa hakuiacha.

Sasa tegeni masikio, maana tunakaribia swali.

Katika kijiji kile mtoto hupewa jina la mtu aliyemtendea mama yake wema mkubwa kuliko wote. Jina halichagui, la mwanamume huvaliwa na mwanamke na la mwanamke huvaliwa na mwanamume. Siku yenyewe mama hupika uji wa ulezi, anaumimina kwenye chombo alichokipenda, na yule mtu hunywa wa kwanza, kisha anampa mama, kisha anatamka jina lake mwenyewe juu ya mtoto. Tangu hapo yeye ni somo wa mtoto, na ana neno katika malezi yake. Lakini uji hunywewa ukiwa moto. Ukianza kushika utando kabla mtu hajanywa, maana yake mama huyo hana mtu. Hapo bibi wa upande wa baba ndiye hutoa jina, na mtoto huondoka naye akalelewe kwake.

Na Mama Ipyana alikuwepo, kavaa vizuri. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye hofu. Alikuwa amesema waziwazi tangu mwanzo: "Mama anayeanguka hawezi kubeba mtoto. Nitamlea mimi." Amekuja na khanga mpya ya kumbebea. Ipyana alisimama mlangoni anazungusha kofia mikononi, kwa sababu siku hiyo ni ya wanawake na baba hana kauli.

Tulinagwe alitoka na kibakuli. Watu walipokitambua wakashtuka. Kilikuwa kilekile, chenye ukingo uliomeguka. Alikiweka chini katikati ya uwanja, mvuke unapanda, akamkumbatia mwanawe kwa mkono ule wa vidole vilivyojikunja.

"Nimefikiri mpaka nimeshindwa," akasema. "Bila dawa za kaka ningekufa. Bila maneno ya Sekela ningeishi, lakini peke yangu kama mbwa. Bila mikono ya Bibi ningekaa na watu, lakini nikiwatazama tu. Siwezi kuchagua. Amueni nyinyi watatu, mmoja anywe."

Watu wote wakadhani sasa watagombania heshima, kama watu wa hadithi nyingine wanavyofanya. Wapi.

Ambwene alikuwa wa kwanza kurudi nyuma. "Si mimi," akasema. "Dada, siku ile uliniambia unasikia harufu, na mimi nikakupeleka motoni ili watu wasijue. Milima yote niliyopanda nilikuwa namkimbia mtu huyo. Anywe Sekela."

"Sekela yupi?" Sekela akalia. "Aliniegemea mimi! Mngejua ninyi wote alikuwa mwepesi kiasi gani. Ningekaa tu, nisifanye kitu, asingeungua. Nikasogeza bega. Nimesema maneno mengi tangu siku hiyo ili nisiseme hilo moja. Anywe Bibi."

Bibi Gwantwa hakuinua kichwa. "Mimi nilisema mtu asivuke," akasema. "Watu walitaka kuvuka. Nimeona miguu yao ikitaka. Niliwazuia kwa ajili ya vyungu. Tena nikaenda nikamwambia mama yake atupe dawa. Mikono hii haigusi kibakuli hicho. Anywe Ambwene."

Mvuke ulikuwa umepungua.

"Mmemaliza?" Tulinagwe akauliza.

"Nilijua," akasema. "Mnadhani kijiji hiki kina siri? Nilijua ya bega, nilijua ya dawa, na ya asubuhi ile nilikuwepo mwenyewe. Nimekasirika miaka mingi, na siku nyingine bado nakasirika. Kaka, ulipokuwa unanipa vidonge nilikuwa nameza na hasira. Lakini leo sikuwauliza nani hana kosa. Asiye na kosa hayupo, aliondoka na shati lake. Nimeuliza nani anywe."

"Nani atakunywa?" Mama Ipyana akasema, na hakusema kwa ubaya, alisema kwa kusikitika kabisa. "Mwanangu, tazama. Wanatoa visingizio vizuri, lakini tazama mikono yao. Hata hawa watu wako, hawathubutu kunywea chombo chako." Akakunjua khanga yake mpya.

Watu wa kijiji wakaanza kutikisa vichwa. Maana kwa mtu anayetazama kwa mbali, anayekataa kwa aibu na anayekataa kwa kinyaa wanafanana. Wote wawili hawanyooshi mkono.

Na wale watatu walisimama. Nataka muwaone. Ambwene amesimama na miguu yake, Sekela amesimama na ulimi wake, Bibi Gwantwa amesimama na mikono yake nyuma ya mgongo, na katikati yao kuna kitu cha Tulinagwe ambacho kinahitaji mtu mmoja tu avuke. Kama siku ile ya moto. Hatia nayo ina kiburi chake, jamani. Mtu anajiona mchafu mpaka anasahau kuna mwenzake anayemngoja.

Tulinagwe aliutazama uji. Pembezoni, pale kwenye ukingo uliomeguka, ulikuwa umeanza kukunjamana kidogo.

Naishia hapo.

Wewe mwenye karanga, najua unachotaka kusema: wanywe wote watatu. Haiwezekani. Wa kwanza ni mmoja, na mtoto ana jina moja. Na wewe mama, unataka kusema apewe yule mgeni. Ni kweli alivuka wakati wengine wamesimama, na mikono yake iliungua. Basi nipe jina lake nimtamkie mtoto. Huna, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Na mzee pale unanong'ona kwamba wema wa mtu anayelipa kosa lake si wema, ni malipo. Labda. Lakini mto ule ulikuwa na maji ya kifuani hata kwa mtu mwenye kosa.

Aliyemrudishia uhai, aliyemrudishia watu, aliyemrudishia kazi. Aliyemficha, aliyemkwepa, aliyemzuilia msaada. Ni watu walewale.

Mama Ipyana ameshainuka, mikono ameinyoosha kumpokea mtoto. Haya, ungekuwepo uwanjani pale, ungemsukuma nani mbele anywe? Semeni upesi, uji unapoa.